Kuongoza timu ya watu wanaofanyia kazi nyumbani: maswali ninayoulizwa kila mara

Naongoza timu ya watu 11 wa huduma kwa wateja. Mi nipo Dar, wengine wapo Mwanza, Arusha, Mombasa, Nairobi, na mmoja yupo Bukavu, wateja wetu wengi wako Uingereza. Tulianza 2020 kwa kulazimika tukadhani ni miezi miwili tu, mpaka leo hatujawahi kurudi kwenye ofisi moja. Kila mwezi kuna mtu amekabidhiwa timu ya namna hii ananipigia, na maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Nitajuaje kama kweli wanafanya kazi na hawajalala?

Hili ndo la kwanza kila mara na naelewa linakotoka, wengi wetu tumekuzwa na mabosi wa kupitapita nyuma ya viti. Ila jiulize, ofisini ulikuwa unajuaje? Ulikuwa unaona mtu amekaa. Amekaa tu, labda anaangalia mpira. Kwa mbali huwezi kuona mtu amekaa, kwa hiyo inabidi ujue kazi yenyewe ni nini, na hapo mameneja wengi ndo tunakwama, maana hatujawahi kukaa chini tukaandika huyu mtu tunamlipa alete nini.

Sisi kila mtu ana ukurasa mmoja. Umeandikwa anashika wateja gani, mteja ajibiwe ndani ya saa ngapi, vitu gani anaruhusiwa kuamua mwenyewe bila kuniuliza (mfano kumrudishia mteja hela mpaka kiasi fulani), na vitu gani asiguse kabla hajaniuliza. Ijumaa tunaufungua pamoja, mimi na yeye, dakika 20.

Angalizo moja, usiishie kuhesabu. Nina kijana Mwanza anajibu tiketi (yaani maombi ya wateja) chache kuliko wote, ningeangalia namba tu ningesema mvivu, kumbe majibu yake ndo wenzake wote wananakili kwa sababu anamueleza mteja mpaka anaelewa na harudi tena. Nililijua hilo kwa sababu kila Alhamisi mchana nafungua mazungumzo matano ya kila mtu nayasoma mwanzo mwisho. Ni mchana mzima unaenda, na sijutii, hakuna ripoti inayoweza kuniambia ninayoyaona mle.

Niweke programu inayopiga picha skrini zao?

Nilishaweka. Ilikaa wiki sita. Wiki ya kwanza watu walikuwa wanaogopa kuinuka hata kwenda chooni, wiki ya tatu wakajua namna ya kuifanya mausi icheze yenyewe, na wiki ya sita dada yangu mmoja, mfanyakazi bora kabisa niliyenaye, akaniambia kwa upole kwamba anatafuta kazi kwingine kwa sababu picha za akaunti yake ya benki zimeshaingia kwenye sava ya kampuni. Niliitoa siku hiyo hiyo nikaomba radhi kwa wote.

Na kuna sheria pia. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019. Ukikusanya taarifa za mtu lazima ajue unakusanya nini na kwa kazi gani, na mfanyakazi naye ni mtu.

Mitingi tufanye saa ngapi na mara ngapi?

Kwanza tumalize la saa zenyewe, maana hapa watu wanapoteana sana. Mwanzoni niliandika kwenye grupu "mitingi kesho saa 3", kichwani kwangu ni saa tatu asubuhi kama binadamu wa kawaida wa Dar, kijana wa Nairobi kalenda yake iko kwa Kiingereza akaweka saa tisa mchana, na mwenzetu wa Bukavu aliyezoea kuhesabu kwa Kifaransa naye akaja kivyake. Watu watatu, mitingi tatu. Tangu siku hiyo saa zinaandikwa kwa tarakimu 24 na mji: 09:00 Dar, 08:00 Bukavu. Kuongea ongea unavyotaka, kuandika ni hivyo tu.

Dar, Nairobi na Kampala ni saa moja, Bukavu, Goma, Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu saa moja, Muscat wako mbele saa moja. London ndo wasumbufu kwa sababu wanasogeza saa, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna miezi tunawazidi saa 2 na miezi tunawazidi saa 3. Weka alama kwenye kalenda, kila mwaka kuna timu inakosa mteja wiki hiyo.

Mara ngapi? Sisi Jumatatu ya wote dakika 30, na Ijumaa ya mmoja mmoja niliyoisema. Basi. Asubuhi kila mtu anaandika mistari mitatu: jana nilimaliza nini, leo nafanya nini, nimekwama wapi. Kama mitingi inaisha bila mtu kubisha wala kuamua kitu, ile ilikuwa meseji, ungeiandika watu wakaisoma wakiwa tayari. Na kamera sio lazima, mitingi ya video ya watu wengi inaweza kula GB nzima kwa saa, sauti peke yake inakula kidogo sana.

Kwa nini mtu anasema "sawa" halafu kazi haifanyiki?

Kwa sababu "sawa" ya kwetu ina kazi nyingi. Nimesikia. Nimekuheshimu. Sitaki kubishana na wewe mkubwa. Na mara nyingine, kweli, nitafanya. Mkiwa uso kwa uso unaitambua ipi ni ipi kwa macho na kwa namna alivyovuta pumzi kabla hajaitamka, kwenye maandishi zote zinafanana. "Nitajitahidi" ndo hatari zaidi, mara nyingi maana yake haitawezekana ila naona aibu kukuambia. Na "nakuja" mnajua wenyewe, mtu anaondoka.

Niliwahi kumpa kijana kazi ya kuhamisha taarifa za wateja 400 kwenda mfumo mpya. "Sawa dada." Siku tatu kimya. Kumbe hakuwa na nywila ya mfumo mpya, mimi ndo nilisahau kumpa. Nikamuuliza kwa nini hukusema? Akasema "niliona uko bizi dada". Nilikasirika, baadaye nikakaa nikaona kosa ni langu, yule mtoto ananiamkia shikamoo kila asubuhi kwenye chati, anatoa wapi ujasiri wa kuniambia mbele ya watu kumi kwamba nimesahau kazi yangu?

Kwa hiyo siulizi tena "umeelewa?" kwa sababu jibu ni "ndiyo dada" hata kama hajaelewa kitu. Nauliza utaanza na kipi, na kipi kinaweza kukukwamisha. Akishindwa kunijibu la kwanza najua hajaelewa, naeleza upya bila kumfokea. Kama ni jambo zito nampigia, yeye na mimi, sauti tu, tunasalimiana kwanza tunaulizana nyumbani, halafu ndo naingia kwenye kazi. Na mtu akisema wazi "dada hii haitafika Ijumaa" namshukuru kwenye grupu la wote, kila mara, ili wale wanyamavu waone kwamba aliyesema hajafa.

Timu yangu ina Watanzania na Wakenya na wananuniana kwenye chati. Nifanyeje?

Ah hii. Mkenya anaandika "nipe hiyo ripoti kabla ya lunchi", kwake ni sentensi safi kabisa haina ubaya. Mtanzania anaisoma kama kofi, hajasalimiwa, hajaombwa. Naye Mtanzania anaandika habari za asubuhi, umeamkaje, poleni na majukumu, samahani kama nitakusumbua, na Mkenya wa watu anasubiri aya ya nne ajue anatakiwa afanye nini, anahisi anapotezewa muda. Mkiwa ofisi moja haya yanaisha kwenye chai. Kwenye maandishi yanajikusanya miezi.

Nilichofanya ni kulisema hadharani, kwenye mitingi, kwa mifano, bila kumtaja mtu, na watu walicheka sana kwa sababu kila mmoja alijiona. Tukakubaliana: salamu moja na ombi viende kwenye meseji ile ile, na "naomba" iwepo. Yaani "Habari, naomba ripoti ya Juni kabla ya 13:00". Usitume "mambo" peke yake halafu unyamaze, mwenzako anabaki anakodolea simu.

Umeme ukikatika au neti ikifa?

Hapa sitaki tufanye kama tunaishi nchi nyingine. Agosti 25, 2023 karibu Kenya nzima ilikuwa giza usiku mmoja. Mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024 Tanzania tulikuwa kwenye mgao. Mei 12, 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, Tanzania, Kenya na Uganda intaneti ikayumba, sisi Dar tulikaa siku kadhaa tunasukuma barua pepe moja kama gari bovu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania na ikakaa siku kadhaa. Haya sio mambo ya bahati mbaya ya kuyashangaa kila yakitokea, ni sehemu ya kazi, kwa hiyo yapangie kama unavyopangia likizo.

Kila mtu wangu ana laini mbili za kampuni tofauti, maana mara nyingi moja inakufa nyingine inapumua. Ana kibetri cha kushikilia ruta, ruta inakula umeme kidogo sana, wati 10 hivi, kwa hiyo hata betri ndogo inakupa masaa, na laptopu ikiwa imejaa chaji unamaliza nusu zamu. Anajua sehemu moja ya jirani yenye jenereta au sola ambayo anaweza kwenda na ameshaenda mara moja kujaribu. Halafu, na hii ndo kubwa, kuna karatasi ya nani anashika zamu ya nani. Imeandikwa mji kwa mji: Dar na Mwanza wakipotea, Mombasa na Nairobi wanashika bila kusubiri ruhusa yangu, kwa sababu siku hiyo inawezekana na mimi nimepotea. Nywila wanazo, majina ya wateja wakubwa wanayo, namba za simu za kawaida za kila mtu zimeandikwa kwenye daftari la karatasi. Daftari, ndiyo. Orodha ya namba iliyo mtandaoni haikusaidii mtandao ukiwa haupo.

Na mtu akikatiwa umeme asiadhibiwe. Anatuma meseji ya kawaida "umeme umekata, nimepisha zamu", imeisha. Ukianza kumuuliza maswali ya kipolisi kesho atakudanganya kwamba yupo kazini huku mteja anasubiri.

Nani alipe bando?

Kampuni. Ofisini ulikuwa unawachangisha umeme? Weka kiasi kinachojulikana, kilipwe mwanzo wa mwezi pamoja na cha kibetri, usisubiri warudishe risiti za vocha za buku.

Kama mnatumia VPN (njia ya siri ya mtandaoni) kuingia kwenye mfumo wa kampuni, kwa Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa kwao, kwa hiyo kampuni ishughulikie hilo, usimwachie mfanyakazi mmoja mmoja.

Tunaweza kuendesha kila kitu WhatsApp?

Mnaweza, na mtajuta mwezi wa tatu. Uamuzi umefanyika Jumanne saa nne usiku katikati ya picha za harusi na "hepi bethdei", ambaye hakuwa onlaini hajauona, na mgeni atakayeajiriwa mwezi ujao hataweza kuuona kabisa. WhatsApp tumeiacha kwa ajili ya dharura na stori. Kazi ziko kwenye Trello, programu ya kupangia kazi, maamuzi yako kwenye faili moja refu, tarehe, tumeamua nini, kwa sababu gani, nani alikuwepo. GitLab ni kampuni isiyo na ofisi kabisa na kitabu chao cha namna wanavyofanya kazi wamekiweka wazi mtandaoni, mtu yeyote anakisoma. Sisi chetu ni kurasa 30 tu ila kimeniokoa mara nyingi.

Sauti za WhatsApp za dakika sita, naomba mziache. Huwezi kuzitafuta ndani, na aliye kwenye daladala hazisikilizi.

Mfanyakazi wangu familia haiheshimu muda wake wa kazi. Hilo linanihusu?

Linakuhusu. Na mara nyingi ni wanawake. "Si upo tu nyumbani, hebu mpeleke mtoto kliniki." "Si unachezea kompyuta, pokea mgeni." Nilikuwa na dada mmoja wa Mombasa kazi yake inaharibika kila siku kuanzia mchana, nikadhani amechoka na kazi, siku tulipoongea vizuri akasema mama mkwe haamini kama ile ni ajira, anaona ni mambo ya simu. Tulimwandikia barua ya ajira kwenye karatasi yenye muhuri, barua ambayo kiofisi haikuwa na maana yoyote, akaiweka mezani nyumbani. Tukabadilisha zamu yake ikawa 06:00 mpaka 14:00, na siku mbili kwa wiki tunamlipia dawati kwenye sehemu ya kukodi. Mama mkwe sasa ndo anamwambia mtoto asipige kelele mama yuko kazini.

Kila mtu aulizwe muda gani nyumbani kwao panatulia, halafu zamu zipangwe kufuata hapo kadiri inavyowezekana. Mwezi wa Ramadhani nasi tunahamisha, wanaofunga wengi wanapenda kuanza mapema baada ya daku wamalize kabla ya jioni.

Likizo na sikukuu za nchi tofauti zinanichanganya.

Watu wanaona sheria ya Tanzania inasema siku 28 na ya Kenya siku 21 halafu wanagombana. Za Tanzania ni siku 28 mfululizo, wikiendi na sikukuu zimo ndani, za Kenya ni siku 21 za kazi. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, 28 zile ni kama siku 20 za kazi, kwa hiyo ukiwapa wote hesabu moja ya siku za kazi, 21 au zaidi, hakuna aliyeonewa. Sikukuu kila mtu apumzike za kwao, Mtanzania ana Nane Nane na Oktoba 14, Mkenya ana Juni 1 na Oktoba 20, Mkongo ana Juni 30, na uzuri wake zamu zinabebana. Iddi usiipangie siku moja, panga mbili, mwezi unaweza usionekane.

Masaa pia. Tanzania mwisho ni saa 45 za kawaida kwa wiki, zaidi ya hapo ni ovataimu ya mara moja na nusu, na kazi ya usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara. Ukiwa na wateja Marekani hilo linakugusa moja kwa moja. Kuwa nyumbani hakumtoi mtu kwenye sheria.

Walio mbali wanalalamika hawapandishwi vyeo.

Na mara nyingi wana haki. Kuna utafiti maarufu wa kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, uliotolewa 2015, waliwapeleka watu wa kupokea simu wafanyie nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa. Kazi iliongezeka asilimia 13, na wanaoacha kazi walipungua nusu. Ila ukilinganisha watu wenye kazi nzuri sawasawa, wa nyumbani walipandishwa cheo mara chache kuliko wa ofisini. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walishasema.

Kwangu ilitokea bila kujua. Nafasi mbili za kwanza za usimamizi wa zamu zote nilizipa watu wa Dar, watu niliokuwa naonana nao kwenye misiba na harusi. Mtu wa Arusha ndo aliyeniambia. Siku hizi nafasi ikitoka inaandikwa kwa wote, vigezo vinatoka kwenye ule ukurasa wa kila mtu, na aliyekosa naeleza kwa nini kwa maandishi.

Namkosoaje mtu aliye mbali?

Kwa sauti, peke yake, siku hiyo hiyo. Usiandike. Meseji ya lawama inasomwa mara kumi usiku, na kila ikisomwa inakuwa kali zaidi. Ukishaongea naye, ndo unaandika kwa ufupi mlichokubaliana. Sifa fanya kinyume, ziandike na mbele ya wote.

Msiba ukimpata mtu wa timu aliye mbali tunafanyaje?

Mwenzetu wa Mwanza alifiwa na baba yake. Kwenye grupu zilimiminika "pole sana", emoji za mikono, na nikaona ni aibu, watu tuliokaa naye miaka mitatu tunamfariji kwa emoji. Tangu hapo tuna utaratibu. Mtu mmoja anakuwa mweka hazina, michango inatumwa kwa simu ndani ya siku moja, na mtu aliye karibu zaidi anaenda mwenyewe kwa niaba yetu, kampuni inalipa nauli. Mimi nampigia mfiwa, sio kutuma meseji, na siongelei kazi hata kama yeye anaanza kuomba radhi kwamba kaacha tiketi wazi. Zamu zake zinashikwa kwa siku alizopewa na hakuna anayemuuliza nywila iko wapi.

Kwenye ule msiba wa Mwanza aliyekwenda alikuwa wa Arusha, alipanda basi akafika kesho yake. Hawakuwahi kuonana kabla ya siku hiyo. Alisimama pale akatambulishwa kama mfanyakazi mwenzake, akakabidhi bahasha, akakaa na wanaume wengine uani mpaka mazishi yalipoisha.